Ameachishwa ziwa, lakini garini bado atazame nyuma



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaingia ndani ya gari. Huenda ukashangaa tabibu anatafuta nini humo, lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na walio chini ya umri huo nao hawakusalimika. Malaria tunaiwekea chandarua. Kuhara tunakuzuia kwa maji ya kuchemsha na sabuni. Ajali ya gari, familia nyingi zenye uwezo wa kumiliki gari zinaizuia kwa mapaja ya mama, basi.

Leo sikusudii kumzungumzia mtoto mchanga. Wazazi wengi wa mjini siku hizi wanakijua kile kiti kidogo chenye mpini, mfano wa kikapu, ambacho mtoto hulazwa akiwa ametazama nyuma ya gari. Hongera kwa walionacho. Nataka tumzungumzie kaka yake, yule wa mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, mitatu. Ameota meno, anakimbia, ameachishwa ziwa, na kwa mazoea yetu mtoto akishaachishwa ziwa tunamhesabu mkubwa. Mara nyingi hapo ndipo mdogo wake anapozaliwa, kile kikapu kinapata mwenyewe mpya, na kaka mtu anapinduliwa. Anahamia mapajani kwa dada wa kazi, au anasimama katikati ya siti mbili za mbele, ameshika mabega ya baba na mama, anaangalia barabara. Wazazi wenye kujali zaidi wanamnunulia kiti kingine, lakini wanakifunga kikitazama mbele, kwa hoja kwamba sasa amekua na miguu yake haina pa kukaa.

Ninalotaka kukuambia ni kwamba mtoto huyu hajakua kwa kiasi hicho. Shingo yake bado changa, na kiti kinachomfaa ni kingine, kikubwa zaidi, lakini kinachotazama nyuma vile vile. (Katika makala haya nikisema siti nakusudia ya gari, na nikisema kiti nakusudia cha mtoto.)

Kichwa kizito, shingo changa

Mtazame mtoto anayeoga. Kichwa chake ni kikubwa kuliko kilivyo chetu, ukilinganisha na mwili. Mtoto anapozaliwa, kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wake wote, wakati kwa mtu mzima ni sehemu moja ya saba au ya nane. Mtoto wa miaka miwili yuko katikati ya hapo. Kichwa hicho kizito kimekaa juu ya shingo ambayo bado haijawa mfupa kamili. Pingili za shingo ya mtoto mdogo zimeundwa kwa vipande vya mfupa vilivyounganishwa na gegedu, yaani ule mfupa laini unaoupata kwenye masikio na pua. Vipande hivyo huungana kidogo kidogo, na kazi hiyo kwa watoto walio wengi hukamilika kati ya umri wa miaka 3 na 6. Kano zinazofunga pingili nazo bado zinavutika, na misuli haina nguvu ya kuzuia.

Sasa gari likigonga kitu kwa mbele, au likigongana uso kwa uso na jingine, gari husimama lakini vilivyomo ndani huendelea na safari. Mtoto aliyefungwa akitazama mbele, mikanda inamzuia mabega na nyonga, lakini kichwa hakuna kinachokizuia isipokuwa shingo. Kichwa kinarushwa mbele na shingo inavutwa kama ndoo inavyovuta kamba. Ndani ya pingili hizo mna uti wa neva unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye mapafu, mikono na miguu, na uti huo hauvutiki kama gegedu zinavyovutika. Ukikatika, sisi matabibu hatuna dawa ya kuuunga.

Mtoto aliyetazama nyuma, ajali hiyo hiyo inamsukuma mgongoni mwa kiti chake. Kichwa, shingo na mgongo vinaegemea kwa pamoja na kusimama kwa pamoja, na ule mshindo unagawanyika katika mgongo wote badala ya kubebwa na shingo peke yake. Siri ya kiti hiki ni hiyo tu.

Tupige hesabu ndogo ili tujue ukubwa wa nguvu tunayoizungumzia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa mjini, likisimama ghafla katika umbali wa nusu mita kwa sababu limegonga, kila kilichomo ndani kinapata nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 12 kwa sekunde hiyo anakuwa kama mzigo wa kilo 240, yaani magunia mawili ya mahindi na zaidi. Mama anayesema "nitamshika" naomba aifikirie hesabu hii kabla ya kufunga mlango wa gari. Hakuna mikono ya binadamu inayodaka magunia mawili.

Utauliza, je, tukigongwa kwa nyuma? Ni swali zuri na huulizwa kila mara. Ajali za kugongwa nyuma zipo nyingi, hasa kwenye foleni, lakini mara nyingi magari yote mawili yanaelekea upande mmoja, hivyo mshindo wake huwa mdogo. Zinazoua na kulemaza kwa wingi ni za mbele na za ubavuni. Kiti kinachotazama nyuma kinamhifadhi mtoto zaidi katika zile zilizo mbaya zaidi.

Wazo hili si geni. Mwaka 1964 huko Sweden, Profesa Bertil Aldman alijaribu kiti cha kwanza cha namna hii ndani ya gari la Volvo. Alikuwa ameona jinsi wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini walivyolazwa chali wakati wa kurushwa, ili nguvu ya chombo iwasukume mgongoni. Akasema moyoni, kinachomfaa mwanaanga kwa nini kisimfae mtoto? Mwaka 1972 Volvo ikaanza kuviuza, na tangu hapo wazazi wa nchi hiyo wamezoea kuwaweka watoto wao wakitazama nyuma mpaka miaka 4 hivi. Wengine walichelewa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto atazame nyuma mpaka miaka 2 angalau, na mwaka 2018 kikaondoa kabisa habari ya umri. Sasa kinasema atazame nyuma kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichowekwa na mtengenezaji wa kiti.

Angalia neno hilo, kikomo cha kiti. Si siku ya kuzaliwa, wala si kuachishwa ziwa.

Nenda dukani na kadi ya kliniki

Kwa kuwa kipimo ni uzito na urefu, kitu cha kwanza kubeba unapokwenda kununua ni kadi ya kliniki ya mtoto. Hapa kuna tatizo ambalo kina mama wanalijua. Tunawapima watoto kwa bidii mpaka chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, wengine mpaka ile ya miezi 18, kisha kadi inawekwa kabatini na mtoto hapimwi tena mpaka augue. Na hiki ndicho kipindi tunachokizungumzia. Basi mrudishe kwenye mizani. Urefu unaweza kuupima nyumbani, msimamishe bila viatu akiwa ameegemea ukuta, weka kitabu bapa kichwani, tia alama ya penseli, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani.

Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa wastani akitimiza miaka 2 ana kilo 12.2 na urefu wa sentimita 87 hivi. Wa kike ana kilo 11.5 na anamkaribia sana kwa urefu. Wakifika miaka 3 wako kwenye kilo 14, na miaka 4 kwenye kilo 16 na sentimita 103. Ziweke kichwani namba hizi, kwa maana sasa zitatusaidia kusoma kibandiko.

Kile kikapu cha mtoto mchanga kwa kawaida kikomo chake ni kilo 13, na mara nyingi kichwa cha mtoto huwa kimeshafika ukingoni kabla uzito haujafika. Ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu huonekana amekizidi. Ni kweli amekizidi. Lakini amekizidi kikapu, hajazidi kutazama nyuma.

Kwenye viti vya Ulaya, ambavyo ndivyo vinavyoletwa kwa wingi kutoka Uingereza vikiwa vipya au mitumba, tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Ukikuta imeandikwa R44, kiti hicho kinahesabiwa kwa uzito. Ukikuta R129, kinahesabiwa kwa urefu. Huu wa R129 ndio utaratibu mpya, ulioanza mwaka 2013, nao unamkataza mtengenezaji kuruhusu mtoto atazame mbele kabla ya kupita miezi 15. Ule wa R44 ulikuwa unaruhusu mtoto ageuzwe akifika kilo 9 tu, uzito ambao mtoto wa kiume wa wastani anaufikia kwenye mwezi wa tisa au wa kumi. Huko Ulaya maduka yaliacha kuuza viti vipya vya R44 mwezi Septemba 2024, lakini vilivyokwisha nunuliwa vinaendelea kutumika, na hivyo ndivyo utakavyovikuta kwetu kwa miaka mingi ijayo.

Mtego uko hapa, na wauzaji wengi hawaujui au hawapendi kuusema. Boksi linaweza kuandikwa kilo 0 hadi 18, au 0 hadi 25, au hata 0 hadi 36, na mnunuzi akafurahi kwamba amepata kiti cha maisha. Namba hiyo kubwa mara nyingi ni ya mtoto akitazama mbele. Kikomo cha kutazama nyuma kimejificha ndani ya kitabu cha maelezo au kwenye michoro ya ubavuni, na kwa viti vingi vya 0 hadi 18 ni kilo 13 tu, sawasawa na kile kikapu ulichonacho nyumbani. Umetoa fedha na hukusogea hata hatua moja. Usimuulize muuzaji kiti kinabeba kilo ngapi. Muulize kinabeba kilo ngapi mtoto akiwa ametazama nyuma, kisha usome mwenyewe. Na kiti cha R44 kilichoandikwa kilo 9 hadi 18 peke yake, kwa kawaida ni cha kutazama mbele tu.

Unachotafuta kwa mtoto wa miaka miwili ni kiti kinachotazama nyuma mpaka kilo 18 au zaidi kama ni cha uzito, au mpaka sentimita 105 kama ni cha urefu. Mtoto wa wastani anafika sentimita 105 baada ya kutimiza miaka 4. Vipo vya Sweden na nchi jirani zake vinavyofika kilo 25, na vingine sentimita 125, na baadhi yake vina alama ya "Plus Test", jaribio la Sweden linalopima shingo inavutwa kwa nguvu kiasi gani. Ukiikuta alama hiyo usisite.

Viti vya Marekani havina duara lenye E. Vina maandishi ya namba 213, ambayo ni kanuni ya usalama ya kwao, na uzito wake umeandikwa kwa paundi. Paundi 40 ni kilo 18, paundi 50 ni kilo 22 na nusu. Wao wana sifa moja nzuri, kwamba huandika mistari miwili mbalimbali, mmoja wa "rear-facing", yaani kutazama nyuma, na mmoja wa "forward-facing", yaani kutazama mbele. Soma ule wa kwanza.

Miguu yake je?

Hili ndilo linalowageuza wazazi wengi. Mtoto wa miaka miwili na nusu akitazama nyuma, miguu inagusa egemeo la siti ya gari, anaikunja, wengine wanaipandisha juu. Mama anaona mwanawe anateseka. Ndugu yangu, mtoto huyo huyo akiwa chuoni anakaa kwenye mkeka saa mbili ameikunja miguu na hakuna aliyemhurumia. Viungo vya mtoto ni laini, na kukunja miguu kwake ni raha. Hata kwa upande wa majeraha, kuvunjika miguu huwapata zaidi watoto wanaotazama mbele, kwa kuwa miguu yao hurushwa na kugonga siti iliyo mbele yao. Na hata kama ingekuwa kinyume chake, mguu uliovunjika tunaufunga plasta na baada ya wiki kadhaa anacheza mpira.

Kipimo cha kweli ni kichwa na mabega. Kwa viti vya Marekani, juu ya kichwa cha mtoto pabaki angalau sentimita mbili na nusu kabla ya ukingo wa kiti. Kwa vya Ulaya fuata kitabu chake, vingi vinataka kichwa kisipite ukingo. Na mtoto akiwa ametazama nyuma, mikanda ya mabega itokeze usawa wa mabega yake au chini kidogo, isitokeze juu yake.

Kijaribu ndani ya gari lako kabla ya kulipa

Kiti kizuri katika gari kisichopatana nalo ni kibaya. Magari mengi tunayotumia ni yaliyotumika Japani, na mengi ni madogo, Vitz, IST, Passo. Kiti kikubwa kinachotazama nyuma kinakula nafasi, na abiria wa mbele atalazimika kusogea mbele. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, mara nyingi kinakaa vizuri zaidi nyuma ya abiria wa kushoto kuliko nyuma ya dereva, na kuna faida ya pili, kwamba mtoto anashukia upande wa pembezoni mwa barabara badala ya upande magari yanapopita.

Pitisha vidole katikati ya egemeo na kikalio cha siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vigumu vyenye umbo la herufi U, gari lako lina ISOFIX, na kiti cha aina hiyo kitanasa hapo moja kwa moja. Usipovikuta usihuzunike, nunua kinachofungwa kwa mkanda wa gari. Viti vingi vinataka mkanda wa pointi tatu, unaopita nyonga na bega, na katika magari ya zamani siti ya kati ina mkanda wa kiunoni tu. Tazama pia kama mkanda unafika, maana viti vinavyotazama nyuma vinahitaji mkanda mrefu. Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita, kitikise kulia na kushoto. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Sehemu ya juu ya kiti inaweza kucheza zaidi, hiyo haina neno. Kama mkanda unalegea kila ukiuachia, na kiti hakina kibanio chake cha kuukaza, hicho hakifai kwa gari lako, kiache kwa muuzaji. Na kama kiti kina mguu wa chuma wa kusimama sakafuni, angalia sakafu hapo isiwe na kisanduku cha kuhifadhia vitu chini yake, kwa kuwa kifuniko kitabonyea.

Siti ya mbele ni haramu kwa kiti hiki iwapo mfuko wa hewa wa abiria unafanya kazi. Natumia neno zito kwa makusudi. Mfuko ule, ambao mafundi wanauita eabegi, unafumuka kabla hujapepesa jicho, na mgongo wa kiti kinachotazama nyuma uko jirani nao kabisa. Utakibamiza kiti pamoja na kichwa cha mtoto. Mtoto akae nyuma.

Najua kuna watakaosema ajali ni kadari. Ni kadari, lakini anayesema hivyo mwenyewe hulala amefunga mlango kwa komeo na kufuli. Na kuna watakaosema viti hivi ni ghali. Baadhi ni ghali kweli, sitabishana. Ila nimeona magari yenye rimu mpya na muziki wa kutikisa vioo, na ndani mtoto amekaa juu ya mapaja. Kwa wanaopanda daladala, wengi wetu, makala haya hayana la kuwapa isipokuwa kwamba mkirudi nyumbani kwa gari la shemeji au la mjomba siku ya sikukuu, muulizeni kiti kiko wapi.

Kanzu, jua na mkojo

Mkanda wa kiti cha mtoto una pointi tano, na mmoja wake unapita katikati ya miguu. Siku ya Ijumaa na siku ya Idi hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kwa kuwa mtoto amevaa kanzu au gauni refu na mkanda haupiti. Wazazi wengine huamua kuuacha huo wa katikati. Usiuache, maana ndio unaozuia mtoto asiteleze chini akatoka. Mvalishe suruali ndani, pandisha kanzu mpaka kiunoni, funga mikanda yote, kaza, kisha iteremshe kanzu juu ya mikanda. Hatakosa stara wala hatakosa ulinzi. Mtandio mnene au koti visiwe katikati ya mwili na mkanda. Ukishafunga, jaribu kuufinya mkanda begani kama unavyofinya kitambaa. Ukipata mkunjo, haujakaza.

Jua letu nalo lina hukumu yake. Kifungo cha chuma kinaweza kuunguza paja, basi ukiegesha gari funika kiti kwa kanga nyeupe, na ukirudi kiguse kwa mkono wako kwanza. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata dakika chache za kununua mkate, joto humo hupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10. Anayetazama nyuma hewa ya mbele humfikia kidogo, mpapase shingo mara kwa mara. Asiyeachishwa ziwa akililia ziwa njiani, simamisheni gari, anyonye, kisha arudi kitini.

Kuhusu najisi, kitambaa cha kiti kinavuliwa na kufuliwa kama nguo nyingine, na karibu viti vyote vimetengenezwa hivyo. Mikanda ndiyo yenye masharti. Usiiloweke kwenye sabuni kali wala dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu nyuzi zake zinadhoofika na wewe huwezi kuona kwa macho. Ipanguse kwa kitambaa na maji safi, rudia mpaka athari iondoke, kausha kivulini. Kifungo kilichoganda kwa juisi au matapishi kisuuze kwa maji ya uvuguvugu, usikitie mafuta ya cherehani.

Kuna watoto wanaotapika wakitazama nyuma, kama wapo wanaotapika wakitazama mbele. Mtoto mkubwa hahitaji kulazwa kama mchanga, kiti kikiruhusu kiinue akae wima zaidi, na asishibishwe maziwa dakika ile ile ya kuondoka.

Atakapofika kikomo cha kiti kwa kweli, kwa uzito au kwa kichwa, ndipo ageuzwe mbele katika kiti chenye mikanda yake mwenyewe. Miezi ya ziada unayoipata kabla ya hapo ni ya kuzipa pingili nafasi ya kuungana.

La mwisho ni mitumba. Sikatazi, maana najua hali zetu. Lakini kiti cha mitumba ukikinunua, geuza uone chini au nyuma, kuna tarehe kilipotengenezwa, na vya Marekani huandikwa na siku ya mwisho wa kutumika. Plastiki huzeeka, hasa iliyokaa juani. Kisicho na kibandiko usikichukue, na chenye ufa, hata mwembamba kama unywele, usikichukue. Kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali mbaya hakifai tena hata kama hakina alama, na kwa kuwa muuzaji wa mitumba hawezi kukuhakikishia hilo, ni bora ukipate kwa ndugu au jirani unayemjua gari lake. Na kama kiti chako ndicho kilichopata ajali, usikiweke tu jalalani. Chukua kisu, kata mikanda yote, ili asije mtu akakiokota, akakiosha na kumfungia mwanawe.